Siku Niliyofungua Mdomo Ukweni kwa Shija

Naona aibu kuyaandika haya, na mara ya kwanza nilipoyaandika niliyachana, kwa sababu nilijikuta nimejifanya mtu mwenye busara katikati ya wajinga, wakati ukweli ni kwamba siku ile mjinga wa kwanza nilikuwa mimi, wengine walinifuata tu. Sasa narudia, na nitajitahidi nisimwonee mtu, hata yule aliyeitukana kofia yangu.

Shija ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Anafanya kazi Isaka, anafunga maturubai kwenye malori yanayopeleka mizigo magharibi, kijana mpole, hana maneno. Alimpenda Kabula, binti wa kijiji kimoja kule mbele ya mgodi wa Bulyanhulu, na Kabula akampenda, lakini kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye duara lake, yaani shimo lake la kuchimba dhahabu, ambaye naye alikuwa ameshatuma watu kwa huyo binti. Kwa hiyo tulikwenda kuposa tukijua kabisa kwamba tukiharibu, Kabula anaolewa kwa mwenye duara, na Shija anabaki na maturubai yake.

Msemaji wetu alikuwa Mzee Ndaki, mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kubishania ng'ombe wa mahari. Kazi yangu mimi, baba mdogo, ilikuwa kukaa. Basi. Kukaa, kuvaa vizuri, na kuonekana kwamba kijana ana watu. Asubuhi tulipotoka kwetu Ngokolo, Shija alinishika mkono akaniambia, "Baba mdogo, kule ni habari ya ng'ombe tu. Mgodi usiuguse. Kule watu siku hizi hawasalimiani kwa sababu ya yale mawe."

Nikamwambia, "Mimi nimemkosea nani lini?" (Ni kweli pale mtaani watu huniita kuwapatanisha, ingawa nikifikiri vizuri sikumbuki niliowapatanisha wakabaki wamepatana.)

Sasa, kwa desturi yetu wageni wa posa hawaanzi kuongea. Mnakaribishwa, mnapewa viti, mnaamkiana, halafu mnakaa kimya mpaka mwenyeji mwenyewe aone imetosha na kuwauliza mmepotea njia au mmefuata nini. Bwana harusi mtarajiwa haingii hata ndani, anakaa kule zizini, maana yeye na mama mkwe hawatakiwi kukutana uso kwa uso, wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na kugusana ndiyo usiseme kabisa.

Tukakaa. Alikuwepo Baba Kabula, na pembeni yake shemeji yake, Mjomba Maganga, kaka wa Mama Kabula, mchimbaji wa siku nyingi. Tukaletewa togwa. Niliona Mjomba Maganga anashika kikombe kwa mikono miwili na bado kinatikisika, nikageuza macho. Kimya kikaendelea. Nzi akatua kwenye goti la Mzee Ndaki, akatembea, akaondoka. Mimi kimya kinaniuma, niseme ukweli, nikikaa nacho muda mrefu najiona kama nimekosa kitu, na nikawaza, hawa watu watatuona tuna kiburi, ngoja niseme neno dogo la kirafiki, neno lisilo na ubaya kwa mtu yeyote.

Nikasema, "Naona njiani mna mawe mengi."

Mzee Ndaki akafumba macho.

Nilikuwa nasema magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa ukishayatoa chini na kuona hayana faida kwao wanayamwaga, na watu wa vijijini wanayataka kwa sababu ukiyaponda bado unapata chochote. Mimi niliyasema kama mtu anavyosema mnayo miti mizuri.

Mjomba Maganga akaweka kikombe chini. "Mengi kwa nani?"

"Nasema tu yapo mengi, mjomba."

"Yapo nyuma ya uzio wa mgodi. Vijana wakiyafuata wanafukuzwa kama mbwa. Waachiwe mawe yao, wayachukue."

"Wakayachukue wafukiwe na kifusi?" akasema Baba Kabula. "Nimesema kila siku, yatoke kwa utaratibu, kijiji kiyasimamie."

"Kijiji kipi? Hicho chako na mwenyekiti wako?"

Hapo ningeweza kunywa togwa yangu. Lakini mimi na haki zangu, nikainua mkono kama mwanafunzi, nikasema, "Jamani, tukiangalia vizuri, kila upande una hoja. Vijana wana njaa, hilo ni kweli. Na walinzi nao wameajiriwa, wana watoto, hilo nalo ni kweli."

Nilidhani nimemwaga maji kwenye moto. Wote wawili walinigeukia, na naamini ndiyo mara pekee siku ile waliyokubaliana kitu.

"Walinzi?" akasema Mjomba Maganga. "Umekuja kuoa au kutetea walinzi?"

"Na hao vijana unaosema wana njaa," akasema Baba Kabula, "unataka kusema sisi wazazi hatuwalishi?"

"Sikusema hivyo."

"Hiyo kofia ni ya nani?" akauliza Mjomba Maganga.

Nikaivua kuiangalia. Ilikuwa kofia aliyonipa Shija, imeandikwa jina la kampuni ya malori, nilikuwa nimeipenda kwa sababu inakaa vizuri. "Ni ya mizigo," nikasema.

"Mizigo ya nani? Mgodi unaletewa vitu na nani? Nilijua tu, mtu hawezi kuja kwa watu na kuanza na mawe hivi hivi. Ametumwa huyu."

Niwe mkweli, kutukanwa ningevumilia, lakini kutukanwa kwa ajili ya kofia, baada ya kupanda pikipiki kwenye vumbi lile na shati jeupe, na baada ya kuwatendea haki watu wote mpaka walinzi, kulinipandisha kitu kichwani. Nikasimama. Mzee Ndaki alinivuta shati, nikasikia kifungo kinakatika. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Nyie watu wa machimbo hakuongeleki na nyie, mmelewa zebaki."

Ndiyo, nilisema hivyo. Ukweni. Kwa mtu ambaye nilishaona mikono yake inatetemeka.

Mjomba Maganga naye akasimama, kiti kikaanguka, Baba Kabula akawa anapiga kelele tukae, lakini anapiga kelele kwa nguvu kuliko sisi, na kule zizini Shija akasikia. Akadhani tunauana. Akasahau desturi, akasahau yeye ni nani, akaja mbio kwenye mlango, na wakati huohuo Mama Kabula alikuwa anaingia kutoka jikoni na bakuli kubwa la mchuzi wa kuku.

Walikutana palepale mlangoni, mkwe na mama mkwe, kifua kwa bakuli. Mchuzi ukawa kwenye kanga, kwenye shati la Shija, ukutani. Paja la kuku likaanguka kwenye kiatu changu. Na Shija, kwa kutaka kumzuia asianguke, akamshika mkono.

Ndipo kikapatikana kile kimya ambacho mimi nilishindwa kukaa nacho.

Shija alipiga magoti akafunika uso. Niliona mabega yake yameanguka, nikajua anamwona Kabula anavyopanda gari la mwenye duara. Mama Kabula akajifuta mashavu kwa ncha ya kanga, polepole, akasema bila kumwangalia mtu, "Mimi nipo jikoni tangu asubuhi nasikiliza. Jina la mwanangu sijalisikia hata mara moja. Nimesikia mawe."

Baba Kabula akaanza, "Mama Kabula, hawa wageni—"

"Huyu kijana amenimwagia mchuzi akija kunyamazisha watu. Nyie mlikuwa mnafanya nini?" Akanyoosha kidole, kwanza kwa kaka yake, halafu kwangu. "Hawa wawili watoke wakakae na ng'ombe. Wenye akili wabaki wamwongelee Kabula."

Tukatoka. Watu wazima wawili, mmoja hana kifungo, tukakaa kwenye gogo zizini tukiangalia ng'ombe ambao nao, nadhani, walikuwa wanatuangalia. Muda ukapita. Kule ndani nilisikia Mzee Ndaki amepata sauti, anabishana na Baba Kabula juu ya ng'ombe, wanakataliana, wanapandishiana, halafu wanacheka. Nikajiuliza kwa nini hilo tunaliweza na yale mengine hatuyawezi.

Mjomba Maganga akasema, "Lile la zebaki."

"Nisamehe, mjomba. Nilikosa adabu."

"Adabu ulikosa. Lakini hukukosea." Akaitazama mikono yake. "Nimeishika kwa mikono mitupu tangu ujana, nikikamatishia dhahabu. Ndiyo maana nataka hawa watoto wapewe mawe kwa utaratibu, awepo wa kuwasimamia."

Nikamgeukia. "Si ndicho alichosema shemeji yako?"

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Utaratibu, kijiji kisimamie."

Akafikiri. "Sikumsikia. Nilikuwa natafuta cha kumjibu." Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa upande gani?"

"Mimi nilikuwa nataka tu tusikae kimya."

Akacheka mpaka ng'ombe mmoja akasogea.

Kabula tumempata, ingawa mbuzi wa kusafisha ule mguso wa mlangoni nilimtoa mimi, na ni haki yangu kumtoa. Tangu hapo nimeapa kwamba nikienda kwa watu nitangoja kuulizwa, na nikiulizwa nitasikiliza swali mpaka mwisho, ingawa najijua, siwezi kuliwekea dhamana hilo. Harusi inakuja, na kwa usalama wa wote nimemwomba Shija aniweke karibu kabisa na spika za muziki, mahali ambapo mtu hawezi kusikia wala kusikika.

Ameniambia kiti kimoja cha hapo kimeshachukuliwa. Mjomba Maganga ameniwahi kukiomba.