Redio Isiyo na Mahali pa Kushika

Redio ya kwanza ya baba yangu ilikuwa sanduku la mbao lililokaa juu ya rafu ya sebuleni, na haikuwahi kuhamishwa hapo hata mara moja. Naanza na umbo lake kwa sababu yote yaliyotokea baadaye yalitokana na umbo. Upande wa kulia ilikuwa na kishikio cha kutafutia stesheni, kipana kama mdomo wa kikombe cha kahawa, chenye ncha iliyochomoza kama mdomo wa kunguru. Kilizunguka kwa uzito. Ukikipeleka kushoto kilifika mahali kikagoma, na kulia vivyo hivyo.

Baba aliinunua muda mfupi baada ya uhuru, alipoachishwa kazi kwenye genge la reli kwa sababu ya macho. Wakati huo bado aliona vivuli. Miaka michache baadaye hakuona kitu, lakini redio aliifungua mwenyewe kila siku bila kumwita mtu.

"Kipeleke kushoto mpaka kigome," alinieleza siku moja. "Halafu kirudishe mpaka mdomo uangalie dirisha. Hapo ndipo taifa lilipo."

Mtaani kwetu Tabora nyumba zenye redio zilikuwa chache, na baba alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa. Alasiri, baada ya taarifa ya habari, yalisomwa matangazo ya vifo: fulani wa mahali fulani amefariki, wafahamishwe fulani na fulani popote walipo, maziko ni kesho. Baba alishika kichwani majina ya ndugu wa nyumba zipatazo ishirini, na vijiji vyao, na nani ameolewa wapi. Jua likishuka alitoka barazani na kumpa kila mtu habari yake. Siku nyingi habari ilikuwa moja: hakuna la kwenu.

Kazi hiyo ilizidi uzito watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Baba mkubwa alitoka mahali alipozaliwa, karibu na Puge, akapelekwa kwenye mstari wa nyumba mpya ambao haukuwa na jina tunalolijua. Jirani mmoja wa mtaani alimwandikia dada yake barua kwenda Usinge, ikarudi na maneno kwamba wahusika wamehama. Anwani zilikufa kabla ya watu. Redio ndiyo iliyobaki kujua nani yuko wapi, angalau siku mtu anapokufa.

Aliyeitegemea kuliko wote alikuwa mama mmoja Mzaramo, mjane, jirani yetu wa mkono wa kushoto. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya misafara, akaugua Tabora, akapona, akaoa, hakurudi. Ndugu wa pekee aliyebaki naye ni kaka yake, aliyefanya kazi bandarini Kigoma. Alasiri mama huyu alikuwa sokoni akiuza vitumbua, kwa hiyo matangazo hakuyasikia. Alirudi na karai lake kichwani, akasimama mbele ya baraza yetu.

"We mpagazi! Umeshusha mzigo wa leo?"

"Nimeshusha. Wazaramo wote wazima. Sijui mtapungua lini."

"Tupungue ili nani akufundishe kula kwa adabu? Ukifa wewe, nitaingia kaburini kwanza nijinyooshe, nione kama hawajakuchimbia refu kuliko unavyostahili."

"Ingia. Ila ukitoka usisahau vitumbua vyako humo, wadudu watanilaumu mimi."

Utani huo wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa zamani kama njia ya misafara yenyewe, na wao wawili waliuendesha kila jioni kama watu wanaopokezana kamba. Sikumbuki hata siku moja akimwamkia baba kwa heshima. Angemwamkia, baba angedhani ameugua.

Redio ya mbao haikuharibika. Kilichokwisha ni betri yake. Ilitumia betri moja nzito kama tofali, ambayo mawe madogo ya tochi hayawezi kuchukua nafasi yake hata ukiyapanga mangapi. Nilikuwa nasoma ufundi wa redio kwa njia ya posta, nikiwa na kamusi pembeni, na hesabu hiyo niliipiga mara nyingi nikitumaini nimekosea. Mwenye duka tuliyezoea kununua kwake, Mhindi aliyezaliwa Tabora na kusema Kinyamwezi kuliko mimi, alitueleza kwamba kampuni imeacha kutengeneza betri hiyo. Imeleta redio mpya badala yake.

Aliiweka mikononi mwa baba. Ilikuwa ya plastiki, ndogo kama boflo. Baba aliipapasa mbele, juu, kulia, kushoto, akaanza upya.

"Kishikio kiko wapi?"

"Hapa ubavuni, mzee. Gurudumu hili."

Lilikuwa gurudumu jembamba lililozama ndani ya plastiki, likatokeza kiasi cha ukingo wa sarafu. Lilikuwa laini pande zote na lilizunguka kwa kuguswa tu.

"Hili nimelishika au limenishika?" baba aliuliza. "Kwa nini wameondoa kile cha zamani?"

"Kampuni inasema wateja wameomba."

"Wateja gani? Mimi ni mteja tangu redio ya mbao. Nani alikuja kuniuliza?"

"Mimi pia hawakuniuliza, mzee. Wameleta boksi, nimefungua, nimekuta hivi. Mimi nauza, siundi."

Tuliinunua, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Jumapili iliyofuata niliifanyia kazi. Nilitafuta idhaa ya taifa mpaka sauti ikanyooka, kisha kwa tupa ndogo nikakata alama kwenye ukingo wa gurudumu, mahali kidole gumba kinapokaa. Nilifunga redio na kuifungua mara kumi, nikapoteza stesheni na kuirudia kwa alama, macho nikiwa nimeyafumba. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo na nikaandika matokeo kwenye daftari. Haikukosea.

"Tafuta alama tu," nilimwambia baba. "Alama haidanganyi."

Mimi nilikuwa karani wa vifurushi stesheni ya reli, na saa ya matangazo ilinikuta kazini. Kwa majuma matatu nilirudi jioni nikikuta baba ameshatoa habari zake na utani umeshapigwa. Nikaliona jambo lile limekwisha.

Ijumaa moja nilikuwa na mapumziko. Mama wa jirani alikuja mlangoni asubuhi, wakati ambao huwa yuko motoni na karai. Nyuma yake, nje ya nyumba yake, kulikuwa na mama mgeni amekaa juu ya furushi, ameshuka na treni ya Kigoma. Jirani yetu hakupaza sauti.

"Mzee," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Jumanne ulisikiliza redio?"

"Nilisikiliza."

"Ulisikia nini?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkono mmoja uko juu ya redio.

"Uliniambia Wazaramo wote wazima."

"Nilikuambia."

"Kaka yangu alitangazwa Jumanne. Tangazo limesomwa mara mbili, na jina langu limetajwa, na mtaa huu umetajwa. Jumatano wamemzika. Walichelewesha mpaka baada ya alasiri wakinisubiri, wanahesabu watu wanaoshuka kwenye treni."

"Sikusikia kitu," baba alisema. "Redio ilikuwa inakoroma. Jumatatu pia ilikoroma."

"Kwa nini hukuniambia inakoroma?"

"Nilidhani ni mitambo yao huko. Nilidhani itarudi."

"Mitambo sikukuuliza. Ungesema hujasikia, ningekwenda mtaa wa pili kwa wenye redio. Ningewahi treni ya usiku. Nisingekulaumu hata kidogo." Kisha akaongeza kwa sauti ile ile, "Hukusema hujasikia. Ulisema wazima."

Aliondoka. Baba aliniuliza kama ameshaingia ndani kwake. Nikamwambia ndiyo.

Siku hiyo hiyo niliifungua redio kwa bisibisi. Gurudumu lilivuta uzi, na uzi ndio uliozungusha kifaa cha kukamata stesheni. Kifaa kilikuwa na mwisho wake, lakini gurudumu halikuwa nao: kifaa kikishagoma, gurudumu liliendelea kuteleza juu ya uzi. Nikamwomba baba anioneshe anavyoitafuta taifa. Alifanya kama alivyofanya miaka yote. Kwanza alisukuma gurudumu kushoto, akisubiri ligome. Halikugoma. Alilisukuma tena, na tena, kisha ndipo akatafuta alama yangu. Kila aliposukuma, uzi uliteleza kidogo, na alama ikasogea mbali na stesheni kidogo. Majuma matatu yalitosha.

"Nilikuambia utafute alama tu," nilisema.

"Nilitaka kujua naanzia wapi," baba alijibu.

Nilikuwa nimeipima redio ile kwa mikono yangu, siyo kwa mikono yake. Daftari langu lilikuwa na mistari thelathini ya matokeo safi, na hakuna hata mmoja uliokuwa wake.

Jioni nilimshika mkono tukaenda msibani. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, na walipomwona baba wakasogea wakamwachia nafasi katikati, maana mtani akija msibani kuna kazi inayomsubiri. Anatakiwa amseme marehemu, adai Mzaramo ametoroka kazi, awape waliofiwa sababu ya kucheka hata kama machozi hayajakauka. Mama mmoja alianza kutabasamu mapema, akimngoja. Baba aliketi katikati yao. Kisha akasema, "Nisamehe."

Kwa mtani neno hilo ni zito. Watani hawaombani radhi.

"Tumeshasamehe, mzee," mama wa jirani alijibu. "Pole na safari ya kuja."

Safari yenyewe ilikuwa hatua kumi na tano.

Niliandika barua kwa kampuni, kwa Kiingereza changu cha kamusi, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilieleza kwamba kishikio cha zamani kiliweza kutumiwa na mtu asiyeona na kipya hakiwezi, kwamba gurudumu linateleza likifika mwisho, na kwamba betri ya zamani imekatwa bila kuwauliza wenye redio. Nilichora mchoro. Sikuandika habari za maziko. Nilidhani kwa watu wa mitambo hoja ya mitambo itatosha, na pia niliona haya. Kwa kweli nilitaka kosa liwe lao lote, na kila nilipofika kwenye aya ya alama niliyoikata kwa tupa, kalamu ilisimama. Niliiacha aya hiyo.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi. Walinishukuru kwa kupenda bidhaa zao. Hapakuwa na neno juu ya kishikio wala uzi. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nzuri yenye picha ya redio nyingine, mpya zaidi, ambayo hata gurudumu lilikuwa limefichwa chini ya kifuniko. Nilimsomea baba.

"Wanasema watu wameipenda," nilimwambia.

"Watu gani?" alisema, lakini safari hii hakuwa anauliza.

Muda mrefu kabla ya jibu hilo nilirekebisha uzi, nikaukaza, nikatia nta mahali unapoteleza. Baba hakuigusa tena. Juma la pili baada ya arobaini ya marehemu aliniambia niipeleke kwa jirani. Nilibishana naye kidogo. Nilimwambia kwamba mtaa mzima unamtegemea, naye akasema ndiyo maana.

Jirani hakukataa. Aliichukua kwenye kapu mpaka sokoni, akaiweka kando ya karai, na wauza mboga wa pande zote mbili wakawa wanasogea saa ya matangazo. Kwa kazi hiyo redio ile ilifaa kabisa. Ile ya mbao isingebebeka. Sipendi kukiri hilo, ila ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na watu waliofaa kutengenezewa redio ile. Baba hakuwa mmoja wao.

Tangu hapo jirani ndiye aliyeleta habari mtaani. Jua likishuka alipita nyumba kwa nyumba, na kwetu alifika mwisho. Baba alikuwa ameshasimama mlangoni, ameshika mhimili.

"Shikamoo, mzee."

Kila jioni baba alichelewa kuitikia, kama mtu anayedhani ameamkiwa mwingine.

"Marahaba."

"Leo hakuna la kwenu."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili, mzee. Kukiwa na mkwaruzo nitakuambia kuna mkwaruzo."

"Haya. Ahsante, mama."

Alikwenda zake. Baba alibaki pale pale mlangoni, sikio ameligeuzia upande wa nyumba ya jirani, akisubiri kama ana neno la kuongeza. Nilisikia karai likitua chini, kisha mlango wake ukifungwa, na baada ya hapo baba naye aliingia ndani.