Kilio Kwenye Ua Wangu

Jamani, chekeni, ila msinitaje sokoni, maana hadi leo nikikaa pale kutengeneza simu za watu wako wanaonipa pole, na wanajua wazi kwamba hakuna aliyekufa.

Nilikuwa nimepanga kanyumba hapa Kasongo, chumba na sebule ya watu watatu wakikunja magoti, lakini kalikuwa na ua wake, ukuta pande zote na mlango wa bati, wangu peke yangu (ninyi mnaooga kwa zamu na familia nzima za wenzenu mnajua niliringa kiasi gani). Siku hiyo, baada ya alasiri, Mzee Ramazani, baba yake Asha, alikuwa anakuja na ndugu zake kuona mahali binti yao atakapoishi, na baba yangu mdogo Saidi, aliyenilea, alikuwa njiani kwa pikipiki kutoka Kabambare aje anisemee maneno ya ndoa. Siku hiyo ikiharibika, Asha nimemkosa, kwa sababu mzee hakunipenda sana tangu mwanzo.

Sasa nyumba ilikuwa na kunguni. Nikajiambia haiwezekani mkwe aumwe wakati ananipima, basi asubuhi nikatoa kila kitu uani, kitanda, godoro, viti, masufuria, nikachoma pilipili kavu ndani ili wadudu wahame, na moshi ukanihamisha mimi kwanza, nikaanguka mkekani nje, macho mekundu, makamasi yanatiririka, mikono kichwani, na mlango wa bati nimeuacha wazi hewa ipite.

Kwetu vitu vya nyumba vikitolewa vyote nje na mwenyewe akakaa chini analia, hakuna anayeuliza. Unalia kwanza, jina la marehemu utalijua baadaye. Jirani yangu Mama Zaina alipita na maji kichwani, akachungulia, akatua ndoo akapiga yowe, "Uwiii, mutoto ya watu amefiwa!" Nilitaka kumwambia ni pilipili, lakini nikakohoa tu, naye akaona ni kwikwi. Nilipopata sauti, uani hapakuwa na pa kukanyaga, wanawake wameleta unga, mchele na kuni, wanaume wamekalia viti vyangu utafikiri niliwaandalia.

"Jikaze, mutoto yangu," Mama Zaina akanifuta uso kwa kitenge chake. "Iko nani?"

Nikautazama ule unga. Nikamtazama bibi mmoja aliyekuja na fimbo kutoka ng'ambo ya soko ili tu anililie. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba ni kunguni? Uso uliniwaka kwa haya, na mdomo ukatoa jina nililokuwa nalo kichwani tangu alfajiri.

"Ni baba mudogo Saidi."

Kilio kikapanda upya. Nikajipa moyo kwamba watakula na kutawanyika mapema (nani alitawanyika?). Alasiri ikapita wali ndio kwanza unachemka, wakwe wakaingia na kanzu zao nyeupe, na katikati yao, vumbi mpaka kwenye nyusi, baba mdogo Saidi mwenyewe, ambaye alipoona kilio alikaa chini palepale akaanza kulia. Akalia kwa moyo kweli, kisha akamnong'oneza Mama Zaina, "Pole, mama. Iko nani?"

"Ni baba mudogo yake, Saidi wa Kabambare."

Baba mdogo akanigeukia. "Saidi gani tena? Saidi njo mimi, mimi hapa!"

Nilipiga magoti nikasema yote, kunguni, pilipili, haya. Watu walicheka mpaka yule bibi akaangusha fimbo, na baba mdogo akadai sahani ya kwanza, eti wali wa kilio chake hauwezi kuliwa na wengine yeye akitazama.

Mzee Ramazani hakucheka. "Sisi tulikuya kwa ndoa, tumekuta matanga. Arobaini ipite kwanza."

"Lakini baba, hakuna mutu amekufa!"

"Wewe njo ulisema amekufa."

Basi nikangoja arobaini ya mtu ambaye kila asubuhi ananiagiza chai. Baba mdogo alikataa kurudi Kabambare, akalala kitandani kwangu, mimi mkekani uani. Siku zilipotimia Mzee Ramazani akaja, akampa baba mdogo pole ya kufiwa na yeye mwenyewe, kisha akanikazia macho. "Huyu mutoto akisema anamupenda Asha, tutajua namna gani kama ni kweli ao ni haya?"

Niliogopa kuliko siku ile ya kwanza. Nikajibu mwenyewe, bila kusemewa, kwa sauti ambayo Mama Zaina aliisikia kwake, kwamba nampenda. Mzee akaomba chai, nikajua Asha nimempata.

Tangu hapo nimeapa, aibu ikinipata nitaisema ikiwa bado ni yangu na ya jirani mmoja tu.