Mama Hakutaka Kaburi Kimbo

Tulipokuwa wadogo tulipanga chumba kimoja Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika. Mwezi mmoja kodi ilichelewa, mwenye nyumba akaja na fundi, wakang'oa mlango wakaenda nao. Tulilala tumetundika leso pale mlangoni. Asubuhi mama aliapa hatakufa akiwa mpangaji wa mtu.

Aliuza mitumba Thika. Chama cha wanawake wenzake kilimsaidia kununua ploti Kimbo, naye akajenga vyumba vya mabati akapangisha. Kodi hiyo, pamoja na mkopo wa sako, ikanunua ploti ya pili huko Kamenu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha mama kilikuwa hakijai. Uzeeni akataka ghorofa Kimbo, kwa mkopo wa benki.

Benki ilimtuma mthamini. Akaizunguka ploti, akapiga picha, kisha akauliza, "Mathe, hapa hakuna mtu amezikwa?"

"Hakuna," mama akasema. "Kwani iko shida?"

"Ploti iko na kaburi ni ngumu kuuza. Benki haipendi."

Kabla mkopo haujatoka, mama akaugua. Siku moja nikimlisha uji aliushika mkono wangu.

"Msinizike Kimbo. Na Kamenu pia hapana. Nipelekeni makaburi ya mji."

Nilikasirika vibaya sana. Nilimwambia hata maskini wa mwisho huomba futi sita kwenye udongo wake, yeye mwenye ploti mbili anataka kulala na watu asiowajua. Akanijibu kwamba wafu hawalipi kodi. Nilitoka nje nikalia, maana nilijua hatanii.

Alipofariki, mjomba, mdogo wake, alisimama kwenye mkutano wa mazishi.

"Sisi hatuzikangi mama ya watu kwa makaburi ya kaunti kama mtu asiye na kwao! Wewe msichana, ni pesa inakusumbua?"

"Anko, ni yeye alisema."

"Mgonjwa husema mengi!"

Moyo wangu ulikuwa upande wa mjomba. Lakini mimi ndiye kifungua mimba, na neno la mama niliachiwa mimi. Nikasimama nalo mpaka watu wakachoka kubishana. Mjomba hakuja kuchimba kaburi.

Nilienda kulipia nafasi makaburini. Karani, kijana mpole, aliniuliza kama nataka kaburi la muda au la kudumu.

"La muda ni gani?"

"Ni rahisi kidogo. Lakini miaka ikipita, nafasi inaweza kupewa mtu mwingine."

Kwenye mkoba nilikuwa na pesa alizoniachia mama za kuchimba msingi, maana benki ilitaka tuanze na zetu. Aliniagiza nisiziguse kwa lolote lingine, hata jeneza. Nilisimama mbele ya dirisha la karani hadi waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Nilikuwa nauona mlango wa Kiandutu ukibebwa.

"La kudumu," nikasema, nikamhesabia.

Msingi wa Kimbo haujachimbwa hadi leo. Vyumba ni vilevile vya mabati, na mpangaji mmoja amepanda sukuma pale ghorofa ilipopaswa kusimama. Najua mama angenigombeza mpaka sauti imkauke, na angekuwa na haki. Na anigombeze. Pale alipo, hakuna mtu atakayekuja kumng'olea mlango.