Kamera ya Fedha Bomani Handeni

Mume wangu na mimi tulikuwa na studio ya picha Old Korogwe, miaka ile maduka yalipoanza kujaa bidhaa za Dubai. Tulipiga kwa filamu. Mteja alisubiri mkanda uishe, kisha tuupeleke Tanga kusafishwa, na wengine walichoka kuulizia.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na kamera ndogo ya rangi ya fedha. Akanipiga nikiwa nakata mchicha, akaigeuza, nikajiona pale pale, kisu mkononi. Nikamuuliza filamu iko wapi. Akafungua kijilango, akatoa kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, akasema picha zote zinakaa humo. Niliishika kwa ncha za vidole, naogopa hata kuipumulia.

Kazi yetu ya kwanza nayo ilikuwa harusi kwenye boma la wafugaji, upande wa Handeni. Wote walikubali kupigwa isipokuwa bibi yake bwana harusi. Nilimwamkia, nikamwomba akae na mumewe, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameshazima. Akakataa. Mjukuu wake mmoja, mwalimu, alinieleza kuwa zamani alipita mgeni mwenye kamera, akawapiga wale wazee wakiwa vijana, akaahidi kuwaletea picha, asirudi.

"Alituchukua akaenda na sisi," bibi akasema mwenyewe kwa Kiswahili. "Na wewe unatupeleka wapi?"

"Popote hamwendi, bibi, kabla hujajiona."

Alimtazama mzee, kisha akakaa kando yake. Nikapiga, nikachuchumaa, nikamsogezea kioo cha kamera.

Alitazama kioo, akamtazama mumewe, akarudi kwenye kioo. Halafu akaanza kumsimulia kwa Kimasai, taratibu, mkono wake ukiwa juu ya goti la mzee. Mwalimu alininong'oneza kwamba anamweleza shuka aliyovaa, ndevu zilivyokuwa nyeupe, na kwamba masikio ni yale yale. Mzee akauliza jambo. Bibi akajibu, na wanawake wote wakacheka. Sikutafsiriwa, nami sikuuliza. Nilikuwa nimepiga picha miaka mingi bila kuona mtu akipokea sura yake namna ile.

Kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni, kadi ilijaa. Mume wangu akafuta picha zake zote za Dar ili harusi ipate nafasi. Kesho yake tulikwenda kwa fundi wa kompyuta pale mjini, akazihamishia kwenye CD, na nyuso za wale wazee zikatanda kioo kizima hadi mistari ya midomo ikahesabika. Tukazisafishisha Tanga, nikawapelekea wazee picha yao mwenyewe.

Miaka ilipita, wazee wote wawili wakafariki. Mwalimu alikuja studio akiwa na bahasha ya vipande. Mchwa walikuwa wameila picha. Nilitafuta ile CD, nikaipuliza vumbi, nikaiweka kwenye mashine nikiwa sina hakika. Ikanguruma, ikakaa kimya, kisha wakatokea, rangi haijapauka hata kidogo, bibi akiwa ndiyo kwanza anakaa sawa.

Mwalimu alivua kofia. Nilipochapa, karatasi ikatoka ina joto bado, na mikono yangu ikachelewa kumpa.