Mkono Uliomvusha Rosalie

Rosalie Muhawenimana aliingia katika saluni ya kinyozi Élysée, pale Mweso, mashariki mwa Kongo, Jumanne moja asubuhi, akakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko na kutamka maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima.

"Nataka unichoree tatuu. Hapa."

Élysée alikuwa kinyozi, ila kwa waliotaka alichora pia, kwa mashine aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya redio ya kaseti. Alimtazama huyu msichana wa miaka ishirini na mmoja, na sketi yake ndefu ya kwenda kanisani, akacheka kidogo.

"Nichore nini, dada? Jina la bwana?"

Rosalie akampa karatasi. Alikuwa amechora ndege aliyetanua mabawa, na chini ya ndege jina moja: ASTRID.

Jambo lenyewe lilianza miaka kumi na mitatu kabla ya hapo. Wazazi wake, Papa Dusabimana na Mama Béata, walikuwa wakulima wa maharagwe na muhogo huko Kingi. Risasi zilipoanza kulia upande wa pili wa kilima, walifunga walichoweza kubeba, wakashika njia ya Walikale pamoja na majirani. Siku ya nne walifika kwenye mto. Mvua ilikuwa imebeba daraja la magogo, na maji yalikuwa mekundu, yanakimbia.

Ukingoni walisimama wanajeshi watano. Watu waliwaona wakarudi nyuma, maana siku zile kila mwenye bunduki aliogopwa, awe wa serikali au wa msituni. Lakini mmoja wao alimpa mwenzake bunduki, akavua shati, akaingia majini mpaka kifuani, akanyoosha mikono.

"Leteni batoto kwanza!"

Rosalie, mwenye umri wa miaka minane, alipakatwa ubavuni pa yule askari, akaanza kulia. Askari akamwekea mkono wake wa pili mbele ya macho.

"Usiangalie maji. Unasoma darasa la ngapi?"

"La pili."

"Basi soma hapa."

Kwenye mkono ule kulikuwa na ndege na herufi. Rosalie alisoma A, akasoma S, akakwama kwenye T, akaanza tena. "Soma tena," askari alisema, na tena, mpaka miguu ya mtoto ikagusa majani ya ng'ambo. Kisha akarudi kumchukua Mama Béata aliyekuwa mjamzito wa miezi saba. Hakuna aliyeuliza jina lake. Walikuwa wanakimbia.

Mtoto aliyekuwa tumboni ni Valens, ambaye leo anawashinda wenzake wote kwa kucheza mpira. Familia ilirudi Kingi, mashamba yakalimwa upya, Rosalie akamaliza sekondari na kupata diploma yake ya serikali. Na tangu ule mto alikuwa na wazo moja tu: kuwa ofisa wa jeshi, kama yule askari. Padri aliposoma tangazo la kuwatafuta vijana wa chuo cha maofisa, Rosalie alipeleka karatasi zake kabla hata ya kumwambia mama. Sasa alikuwa ameitwa Goma kwa mitihani, wiki tatu mbele. Alitaka aende na ile alama mwilini. Hakuwa na njia nyingine ya kumshukuru mtu asiyemjua.

Élysée aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Huyu kuku wako namujua."

"Si kuku. Iko tai."

"Tai? Dada, mimi niko mutu wa Walikale. Kule kuko papa mumoja, seremala, iko na huyu huyu kuku ku mukono, na hili jina chini yake. Papa Floribert. Alikuwaka soda zamani, askari wa serikali."

Rosalie alishusha mkono wa blauzi. Hakukumbuka hata kuaga.

Safari ya Walikale ilimchukua siku mbili kwa pikipiki, na mahali pengine alishuka kuisukuma topeni pamoja na dereva. Alibeba kilo kumi za maharagwe ya Kingi. Alipofika, haikuwa kazi kumpata Papa Floribert. Mtu wa kwanza aliyemuuliza alimwonyesha ua uliojaa vipande vya mbao na kitanda ambacho hakijamalizika. Mzee mmoja mwembamba alikuwa anapiga randa bila shati. Rosalie aliona ndege kabla ya kuona uso. Kweli, mchoraji hakuwa fundi: tai yule alikuwa na shingo fupi na tumbo la kuku wa mayai.

Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la mbao na kusimulia yote: mto, mama, herufi. Papa Floribert alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwinua kwa kiwiko.

"Mwanangu, nisamehe. Siku ile tulivusha batoto wengi. Uso wako siukumbuke."

Rosalie alidhani neno hilo lingemuuma. Halikumuuma. Alicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu hatimaye asante yake ilikuwa na masikio ya kuisikia. Astrid, aliambiwa, ni kifungua mimba wa Papa Floribert, sasa ni mwalimu Kisangani, na hampendi kabisa ndege yule.

Walipokuwa wanakula, Rosalie alimwonyesha karatasi yake na kumwambia kuhusu Goma.

"Nataka kuwa ofisa kama wewe, Papa."

Mzee aliacha kula.

"Nani alikuambia nilikuwa ofisa? Niliingia askari wa kawaida, nikatoka sajini." Aligeuza mkono wake, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kamanda wangu alituma jina langu mara mbili niende kusomea uofisa. Mara mbili nilivua shati mbele ya muganga wa jeshi. Wa kwanza akauliza hii ni alama ya kundi gani la msituni. Wa pili hakuuliza hata. Sijui kama iliandikwa katika sheria ao ilikuwa kichwa cha wale wawili tu. Lakini nilirudishwa."

"Na ukajuta?"

"Kwa ajili ya jina la mutoto wangu? Hapana. Ila ningelichora baadaye."

Rosalie aliikunja karatasi yake. Kisha alisema alichokuwa hajamwambia mtu: kwamba aliogopa, akishavaa magwanda na kupewa watu wa kuwaamuru, atasahau alikotoka; alama ingemkumbusha.

"Mwili ni wako," alisema Papa Floribert. "Sikukatazi. Lakini mimi sikukuvusha ili unibebe ku mukono. Nilikuvusha ufike ng'ambo. Sasa nenda, na ununue soksi nzito, maana mbio zile zinaua vidole."

Goma, daktari alimkagua mikono, mgongo na miguu. Alisimama kwenye kovu moja tu, gotini, akauliza ni la nini.

"Sufuria ya maharagwe," alijibu Rosalie.

"Umepita. Mwingine!"

Jumapili kabla hajaondoka kwenda chuoni, familia ilitoa misa ya shukrani pale Kingi. Papa Floribert alifika Jumamosi jioni, amejaa tope, mgongoni amefunga kiti kidogo alichomtengenezea Mama Béata. Mama Béata alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwambia. Alipomwona mlangoni aliyaacha yote. Alimshika mikono miwili, akamwita Valens, kijana wa miaka kumi na mitatu aliyetoka na mpira kwapani.

"Huyu njo yeye alikuwa tumboni siku ile ya mto," alisema.

Papa Floribert alimtazama yule kijana kutoka kichwani hadi miguuni, akampa ule mkono wenye ndege. Papa Dusabimana alimvutia kile kiti kipya na kumwambia akae, chakula kiko tayari. Rosalie alileta maji ya kunawa, akasubiri mpaka mgeni alipoketi, akammiminia polepole mikononi.