Kamba Iliyofunguliwa Buleusa

Juma lililopita fundi alikuja nyumbani kwangu Goma kubadilisha inverseur, ile swichi kubwa ya ukutani inayochagua kama nyumba itumie umeme wa mji au wa jenereta. Alipoifungua, ikatoka harufu ya waya ulioungua iliyochanganyika na vumbi, nami nikalazimika kukaa kitini. Fundi alidhani ni presha, akamwita mjukuu wangu alete maji. Haikuwa presha. Nilikuwa nimerudi Buleusa, katika ile miaka ya vurugu iliyofuata uhuru, mvua inanyesha na mama yangu amelala ndani ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Mkoloni mmoja wa Masisi alikuwa akisafiri nalo kukagua mashamba yake, anapika humo na kulala humo kama konokono. Alipoondoka, Daktari wetu wa misheni alilichukua, akatoa kitanda na jiko, akaweka meza ya kupasulia wagonjwa na taa kubwa juu yake. Papa, baba yangu, alikuwa shofa wake wa kuliendesha na fundi wake. Nyaya za gari zilikuwa za zamani, zimevikwa kitambaa, na panya wa kila kijiji walikuwa wamezionja. Papa alikuwa akisema gari lile limeugua magonjwa yote isipokuwa ukoma.

Taa zikizimika hakuwa na papara. Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaigusisha kwanza kwenye jenereta, kisha mbele kidogo, kisha mbele tena, mpaka pale balbu ilipokataa kuwaka. “Courant iko sawa na maji,” aliniambia mara nyingi juu ya umeme. “Ikikosekana mu nyumba, usigombane na ndoo. Panda mpaka ku kisima, na ushuke nayo.”

Ugonjwa mmoja tu ndio uliomshinda. Ndani ya kabati dogo karibu na mlango wa nyuma kulikuwa na inverseur ya gari. Kishikio chake kikiwa juu, gari lilikula umeme wa misheni. Kikiwa chini, umeme wa jenereta. Kikiwa katikati, giza. Resori, ile springi ya kukikaza, ilikuwa imechoka. Jenereta ikilitetemesha gari, kishikio kilipanda chenyewe polepole mpaka katikati. Resori mpya haikupatikana, maana siku zile kitu ukiagiza kilikuwa hakifiki. Basi Papa alikifunga kishikio kwa kamba kwenye msumari uliokuwa chini yake. Kamba ilifanya kazi yake safari zote, hata yeye akaacha kuifikiria.

Mama alikuwa na mimba. Duru ya Daktari ya kutibu vijijini ilipoelekea Walikale, aliomba tupande naye ili akajifungulie kwa mama yake, kule Buleusa. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu Nyanya alijua kupika ndizi na uyoga wa msituni, na mimi siku zile nilipima upendo kwa sahani. Lakini uchungu ulimshika Mama mapema, ukamshika vibaya. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mvua ilikuwa imebeba daraja la njia ya hospitali. Mchana huo Daktari alisema atampasua palepale, ndani ya gari, la sivyo atawapoteza wote wawili.

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Hakuna aliyekumbuka kuniondoa.

Nyanya alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, lakini kwao kuna jambo ambalo padri hakuwahi kuulizwa. Mwanamke akishindwa kuzaa, hakuna kitu kinachoruhusiwa kubaki kimefungwa. Fundo lolote lililo karibu naye linamfunga yeye. Basi Nyanya alianza kazi. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akafungua matita ya kuni, akafungulia mbuzi, ambaye alikwenda moja kwa moja kwenye maharage ya jirani. Alifungua hata kamba za viatu vya Papa, huku Papa amesimama navyo. Kisha akaniambia, “Na weye, fungula nywele.” Nikakaa chini ya ukingo wa paa, nikifumua misuko ambayo Mama alikuwa amenisuka wiki ile ile, huku nikilia. Nyanya akaingia kwa mlango wa nyuma wa gari, mikono yake ikitafuta mafundo.

Mvua ilikuwa nzito, na msitu wa kule hauhitaji usiku ili uwe mweusi. Ndani, taa ya Daktari ilikuwa imewaka vizuri. Kisha ikafifia, ikarudi, ikafa. Nikasikia sauti yake, “Taa! Shofa, taa!”, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa.

Papa alitoka mbio, viatu vikimvuka. Jenereta ilikuwa inanguruma bila kasoro. Siku nyingine angeanzia kisimani, kama alivyonifundisha. Siku ile aliogopa, akashuku mvua na panya, akalala matopeni chini ya gari kupapasa waya mmoja mmoja. Nilimwona miguu tu. Alikuwa anaita jina la Mama. Baadaye akili ikamrudia, akatambaa mpaka kwenye jenereta na balbu yake. Ikawaka. Akasogea mpaka pale umeme unapoingilia garini. Ikawaka. Akafungua kabati. Kishikio kilikuwa katikati, na kamba ilikuwa sakafuni.

Alikisukuma chini, na taa ikarudi. Alipokiachia, kikaanza kupanda. Akainama kuokota kamba.

Hapo Nyanya akasimama mbele yake. Lazima nieleze jambo hili lilikuwa nini. Papa na Nyanya waliishi kwa heshima ya wakwe: hawakutazamana usoni, hawakusemeshana, wakitaka kuambiana kitu walimtuma Mama, au mimi, niliyekuwa posta yao. Na sasa Nyanya alikuwa amemkabili mkwewe, kichwa wazi, mvi zimetawanyika, maji yanamchuruzika.

“Papa, musifunge,” akasema. “Mimi njo nilifungula. Naomba, musimufunge mutoto wangu.”

Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu. Papa aliinamisha macho. Aliiacha kamba palepale ilipokuwa, akampa mkwewe mgongo, akakishika kishikio kwa mkono. Kabati lilikuwa la moto, na harufu ile ilianza kutoka. Alipochoka mkono wa kulia alishika kwa wa kushoto. Alisimama hivyo mpaka Daktari alipomaliza kushona.

Mama alipona. Mtoto, mvulana, alitolewa bila kulia, na hakulia kamwe.

Miaka mingi sikuelewa kwa nini Papa aliiacha kamba, ingawa ilikuwa imegusa kiatu chake. Hakumlaumu Nyanya, wala Nyanya hakumlaumu yeye. Nilidhani ni ile heshima ya wakwe, kwamba hawakuwa na namna ya kugombana. Lakini Papa aliacha ushofa, na siku moja, akinywa, aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe, kwa kuweka kamba mahali pa resori na kutafuta kosa matopeni. Nyanya naye, siku za mwisho wake, aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwa kuchelewa kuifungua ile kamba. Kama angeifungua mapema, mtoto angepita. Niliwapenda wote wawili.

Basi fundi alipoondoka juma lililopita, nilikwenda kwa Mama. Amezeeka, haoni vizuri, lakini ulimi wake bado uko kazini. Nikamweleza maneno yote mawili, ya Papa na ya Nyanya, ambayo nilikuwa nimemficha maisha yangu yote ili nisimuumize.

“Najua,” akasema. “Ule mutoto alikuwa amekufa kitambo, mbele taa izimike. Alikufa mbele hata banipandishe mu gari. Docteur aliniambia kesho yake.”

Nikamwuliza kwa hasira, kwa nini basi hakuwaambia?

“Nilibaambia. Papa yako, na mama yangu. Kila mumoja, kila mwaka. Balikataa.”

Akapapasa mkunjo wa kitenge chake.

“Baache na kosa yao,” akasema. “Habakukuwa na kitu ingine ya ule mutoto.”