Godoro la Nana Birago

Pokuaa alikuwa na jicho la kuudhi. Ukimwonyesha nguo mpya ili aisifie, ataigeuza ndani nje kwanza, atazame mishono, ndipo aseme imependeza, au asiseme kitu. Mafundi cherehani wa Kwadaso walimwogopa kuliko mtoza ushuru. Kwa hiyo kiwanda cha magodoro kule Kaase, upande wa pili wa mji wa Kumasi, kilipotafuta mkaguzi wa mishono, ilikuwa kama kazi ndiyo iliyomtafuta yeye. Akapewa koti la buluu, akapewa kitabu cha kanuni chenye jalada la kijani, akaambiwa yuko kwenye majaribio kwa miezi sita. Hakuna aliyemwuliza kama ana mimba, naye hakusema. Mimba ya miezi mitatu kwao haitangazwi, hata mama mkwe hujifanya haoni.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Kyei-Frimpong, mtu mwenye sauti kubwa na kanzi ya maneno mazuri. Kila godoro lililotoka pale lilikuwa na kibandiko chenye maneno aliyoyatunga mwenyewe: PUMZIKA, UMESTAHILI. Walioyashona magodoro hayo walipewa dakika ishirini za kula mchana, na wengi walikula kenkey yao ya mahindi wamesimama.

Lakini tusimwonee. Penye msiba bwana huyu alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukifiwa, hata kama ulianza kazi jana asubuhi, unapata siku tano za likizo bila maswali. Jumamosi ya mazishi basi la kiwanda linakuja na ujumbe umevaa vitenge rasmi vya kampuni, vyeusi kwa marehemu kijana, vyeusi na vyeupe kwa mzee aliyekula chumvi nyingi. Bosi mwenyewe anakuja na chupa za jini. Juu ya yote linakuja godoro jipya la kumlaza marehemu, maana Waasante hawamuagi mtu wao bila kumlaza pazuri watu wamtazame. "Maiti wa kiwanda changu halalii godoro la mtu mwingine," alipenda kusema, na ni kweli. Kwa wazazi wengi wa wafanyakazi wake, hilo ndilo lilikuwa godoro lao zuri la kwanza.

Tumbo la Pokuaa lilipokataa kufichika ndani ya koti la buluu, alikwenda kliniki, akachukua cheti cha mkunga, akakipeleka kwa Madam Gyamfua, karani wa wafanyakazi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu athibitishwe kazini. Kwa hesabu ya mkunga, mtoto hakuwa na mpango wa kusubiri hata moja.

"Madam," alisema, "mkunga ameniambia sheria inanipa wiki kumi na mbili. Kinachotakiwa ni cheti tu, na cheti ndicho hicho."

Gyamfua alikishika kwa ncha za vidole. "Huyo mkunga wako kazi yake nini?"

"Kuzalisha."

"Basi azalishe, aniachie mimi kitabu." Akakifungua kile cha kijani. "Likizo ya uzazi ni ya waliothibitishwa. Wewe bado unajaribiwa, mwanangu. Thibitishwa kwanza, halafu uzae."

"Na mtoto nimwambie nini?"

"Mwambie wiki tatu si nyingi."

Hakuwa akitania. Gyamfua alizaa wanne, na kwa wote alirudi kazini kabla watu hawajamaliza kumpa hongera, kwa hiyo aliamini kwamba anayehitaji zaidi ya hapo amedekezwa. Akakitia cheti kwenye droo iliyokuwa na vyeti vingine vya namna hiyo. Kisha, kwa kuwa hakuwa na roho mbaya, akampa ushauri. Wa majaribio wana fomu moja tu ya likizo, nayo ni ya msiba. Siku tano. Achague mtu.

Pokuaa akauliza, achague mtu vipi?

"Huna mtu aliyekufa?"

"Ninao, lakini walikufa zamani."

"Fomu haiulizi lini," alisema Gyamfua, akasogeza kalamu.

Na kweli haikuuliza. Pokuaa aliigeuza mbele na nyuma kama anavyogeuza foronya, akatafuta mahali pa tarehe, hapakuwepo. Iliuliza jina la marehemu, uhusiano na umri, basi. Jina lililokuwa karibu na ulimi wake siku zile lilikuwa Birago, bibi wa mumewe, maana Yaw alikuwa ameshasema mtoto akiwa wa kike atamwita kwa jina la huyo bibi aliyemlea. Nana Birago alizikwa miaka sita iliyopita, akiwa na miaka tisini na minne. Pokuaa akaandika yote hayo kwa mwandiko safi, na hapakuwa na uongo hata wa nukta. Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumatatu ya pili awe kazini. Asipoonekana, majaribio yameishia hapo na mtu mwingine atavaa koti. Yaw alikuwa fundi wa friji, na miezi ile friji za Kumasi zilikuwa nzima kwa makusudi. Kazi ya Pokuaa ndiyo iliyokuwa ikipika chakula nyumbani.

Fomu ilijazwa Ijumaa mchana. Jumamosi alfajiri mtoto akatoka, wa kike, analia kwa sauti ya mtu aliyekatiziwa usingizi.

Siku saba mtoto mchanga kwao ni mgeni asiyejulikana kama atakaa au atarudi alikotoka, kwa hiyo hatolewi nje wala hapewi jina. Siku hizo Pokuaa alizitumia kuhesabu. Alijifunga kitambaa tumboni, akajaribu kusimama muda wa kukagua magodoro kumi, akaona nyota kwenye la nne. Alimweleza yote Maa Dufie, shangazi yake Yaw, ambaye angemtoa mtoto nje Jumamosi. Maa Dufie aliuza nyanya soko kuu la Kejetia kwa miaka thelathini na mitano, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuondoka mezani kwake akiwa na uhakika nani ameshinda. Alisikiliza, akachokoa meno, akasema tu kwamba Jumatatu bado iko mbali. Pokuaa alilia usiku huo, kwa hasira zaidi kuliko uchungu.

Jumamosi asubuhi na mapema turubai lilikuwa limeshafungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, na jamaa wamekuja na nguo nyeupe, wengine nyeusi na nyeupe, kama inavyopasa siku ya kutoa mtoto. Pokuaa alikuwa chumbani na mtoto mapajani, akingoja kuitwa. Akasikia basi linapiga breki barabarani. Akachungulia pembeni mwa pazia.

Walikuwa wanane, na vitenge vyao vyeusi na vyeupe vina nembo ya kiwanda. Mbele alitembea Bwana Kyei-Frimpong, polepole, uso ameukunja kwa majonzi. Nyuma yake Madam Gyamfua, ambaye hakuthubutu kumwambia bosi fomu ilijazwaje, alibeba chupa mbili za jini. Wanaume wawili walikuwa wanashusha godoro. Fomu ya msiba ilikuwa imefuata njia yake ya kila siku hadi mezani kwa bosi, na bosi hajawahi kukosa Jumamosi. Aliona turubai, viti, nguo nyeupe za msiba wa mzee, kipi kingemshtua? Pokuaa akaliachia pazia. Kazi imekwenda, alijiambia, na jina langu limekwenda nayo.

Wageni hawaulizwi kitu kabla hawajaketi na kunywa maji. Waliketi, wakanywa, wakapeana mikono na safu nzima ya wazee kuanzia kulia. Ndipo Maa Dufie akasema kama isemwavyo katika kila nyumba, hata yenye jeneza: "Hapa kwetu ni heri. Nyinyi ndio mnaotoka safari. Semeni."

Bwana Kyei-Frimpong akasimama. Alisema wamesikia kuwa Nana Birago ametutangulia. Wazee wakatazamana. Kweli ametangulia, tangu miaka sita. Mgeni kachelewa, lakini hata aliyechelewa husikilizwa. Alisema mti mkubwa umeanguka. Wakaitikia. Alisema godoro lile ni la kumpumzisha, amestahili. Hapo wachache walikohoa, naye akadhani ni kilio. Kisha akapandisha sauti, maana alikuwa amefika sehemu yake aipendayo.

"Kiwandani kwangu, linapokuja jambo la familia, hakuna mfanyakazi mpya wala wa zamani. Nasema mbele yenu, na mbele ya kinywaji hiki: Pokuaa akae nyumbani mpaka familia yenyewe iseme imetosha. Na mshahara wake usiguswe."

Maneno hayo aliyasema katika kila msiba. Yalimpatia makofi na hayakuwahi kumgharimu, kwani ni familia gani ingethubutu kumwambia mwajiri bado haijatosha? Makofi yakaja. Nyuma ya pazia Pokuaa alimkumbatia mtoto.

Maa Dufie hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama bosi kama anavyomtazama mnunuzi aliyetaja bei ya juu kabla ya kuulizwa. Aliomba chupa, akafungua, akamwaga kidogo chini, akanywa, akaipitisha kwa wazee mmoja mmoja hadi wa mwisho akafuta midomo.

"Tumepokea," alisema. "Kimeshashuka tumboni, hakirudi kwenye chupa. Yaw, mlete Birago, bosi wetu amwone."

Yaw akaingia chumbani, akatoka na mtoto amefungwa kitambaa cheupe. Pokuaa akamfuata, maana liwalo na liwe. Uso wa Bwana Kyei-Frimpong ulikuwa umeshajikunja tayari kumlilia marehemu, ukabaki hivyo hivyo, umekosa kazi. Gyamfua alitazama tumbo la Pokuaa, akalikosa.

"Mama yake," Maa Dufie aliendelea, bila haraka, "ndiye mfanyakazi wako. Familia tumeketi jana, tukasema wiki kumi na mbili zinatosha. Hatuna tamaa."

Bosi akashusha sauti. "Maa, mimi sina neno. Ila yeye bado yuko kwenye majaribio."

"Na huyu je? Ana siku nane duniani. Nani ana majaribio kumzidi? Na hatukumwambia arudi alikotoka mpaka athibitishwe."

Watu wakacheka, si kicheko cha msibani. Maa Dufie akampakata mtoto, akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akakigusisha ulimini mwake. Anayewapokea watoto kwao husema maneno haya tangu zamani, ili mtoto akue akishika kauli yake, na aliyasema polepole, macho yake yakiwa hayako kwa mtoto.

"Birago, ukisema ni maji, yawe maji." Akachovya kwenye ile jini ya kampuni. "Ukisema ni pombe, iwe pombe."

Mtoto alikunja uso kwa ukali wa jini. Ua wote ukaitikia. Mle ndani ya mwitikio ule mtu mmoja mwenye kitenge cha nembo alikuwa na chaguo la kusema kwamba maji aliyoyataja hayakuwa maji, mbele ya wazee waliokwisha kunywa jini yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Bwana Kyei-Frimpong akaitikia pamoja nao, tena kwa sauti, akaomba ampakate mtoto apigwe picha. Shada la maua walilomletea marehemu liliachwa ndani ya basi. Godoro lilipelekwa chumbani.

Jumatatu Madam Gyamfua alikuja mwenyewe, na fomu mkononi. Alimkuta Pokuaa amekaa juu ya godoro lile, ananyonyesha. Alieleza kwamba bosi amekubali wiki kumi na mbili, lakini ofisini hakuna karatasi ya uzazi kwa mtu wa majaribio, kwa hiyo itumike ileile. Jina la marehemu, Birago. Umri, aandike siku.

Pokuaa aliisoma fomu yote, mbele na nyuma.

"Madam, mimi sitamwandika mwanangu mahali pa maiti."

"Ni karatasi tu, mwanangu."

"Kama ni karatasi tu, basi haitaumia." Akamlaza mtoto, akachukua kalamu, akalikata neno MSIBA kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika UZAZI. Akakata na "marehemu". Akairudisha ipigwe muhuri.

Gyamfua alitazama mlango kama mtu anayeogopa kusikiwa. Kisha akaketi ukingoni mwa godoro, akalibonyeza kwa kiganja. Alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa na hakuwahi kukalia hata godoro moja la pale.

"Mtoto wangu wa mwisho, nilirudi kazini siku ya kumi na moja," alisema. "Kitovu chake hakijakauka. Maziwa yakalowesha koti mbele ya wanaume." Gyamfua akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupiga kwenye fomu juu ya goti lake, kwa nguvu.

Wiki kumi na mbili zilipoisha Pokuaa alirudi Kaase, na bosi alimpokea mbele ya watu kwa hotuba fupi juu ya moyo wa kampuni. Kitabu cha kijani hakikubadilika hata nukta. Fomu ya msiba ndiyo iliyobadilika: imeongezwa mstari, tarehe ya kufariki.

Mchana huo, wakila wamesimama, Pokuaa aliona msichana mpya kwenye safu ya ushonaji aliyevaa koti la buluu kubwa kuliko umbo lake kwa saizi mbili. Alilitazama lile koti, mishono ya pembeni inavyovutwa tumboni. Akamwita pembeni, akamwuliza jina la mkunga wake. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa nakala ya fomu iliyokunjwa mara nne, yenye neno MSIBA limekatwa na muhuri unaosomeka vizuri.